Studio imefungwa, mashini inafanya kazi: namna fundi anavyotuma amri akiwa mbali

Wasikilizaji wa Kasongo wako na swali moja ambalo hawachoki kutuuliza. Wanatukuta sokoni, wanatukuta tukitoka kanisani ama msikitini: "Nani huyu analala mu studio yenu? Saa nane ya usiku muziki inapiga, saa kumi na moja matangazo yanaanza, na mlango tunauona na kufuli." Mama mmoja muuza mawese alikuwa na hakika kwamba kuna kijana tunamlipa pesa ya usiku. Hapana, mama. Mu studio hamna mutu. Ni mashini njo inakesha, na yule anayeiambia cha kufanya anaweza kuwa nyumbani kwake ama safarini Kindu.

Leo tunaeleza namna kazi hiyo inavyofanyika. Tunaandika kwa mkaaji yeyote anayetaka kuelewa, lakini zaidi kwa vijana wa Kasongo na Kabambare wanaojifunza ufundi wa kompyuta, kwa sababu kazi hii haiko ya redio peke yake. Ofisi ya afya, shule, parokia, shirika dogo lenye mashini moja ya kuhifadhia faili, wote wanaweza kuitumia. Na wote wanaweza kuumia nayo.

Redio nyingi ndogo huweka Linux kwenye kompyuta ya studio. Sababu ni za kawaida tu. Linux hailipiwi leseni, inakubali kompyuta kuukuu ambayo Windows mpya ingeikataa, na virusi vinavyotembea kwenye flashi za waandishi wa habari karibu vyote vimetengenezwa kwa Windows, basi havipati pa kushika. Programu za kuongoza matangazo kama Rivendell na LibreTime zinafanya kazi juu ya Linux. Lakini laptopu ya fundi na ya mwandishi ni Windows, kwa sababu njo ile inayouzwa na njo ile aliyojifunza. Basi Windows inabaki mkononi, Linux inabaki kule kwenye mtambo, na kati yao kuna njia.

Njia ya Kasongo hadi Kabambare hatuna haja ya kuielezea kwa wakaaji wa huku. Wakati wa mvua pikipiki inasukumwa zaidi ya kupandwa, na kuna siku ambazo usalama haukuruhusu hata kujaribu. David Livingstone alikwama Kabambare kwa miezi mingi, kutoka mwaka 1870 mpaka mwanzo wa 1871, miguu yake ina vidonda, akingoja watu na mizigo kutoka Ujiji. Sisi tumengoja fundi siku tatu kwa ajili ya programu iliyoganda, yaani kazi ya sekunde mbili kama mtu angekuwa mbele ya mashini. Siku tatu bila redio ni siku tatu ambazo tangazo la chanjo halikusikika, na ile barua ya kifo iliyoletwa studio ili isomwe ilikaa mezani.

Wengine watasema: si kuna AnyDesk, si kuna TeamViewer? Ziko, na ni nzuri pale penye mtandao wa nguvu. Lakini zile zinakuletea picha ya skrini nzima, na picha inakula mega. Amri ya maandishi, ile mafundi wetu wanaita komande, ni mistari michache tu. Inapita hata kwenye mtandao dhaifu ambao WhatsApp inashindwa kufungua picha.

Chombo chenyewe kinaitwa SSH. Kilitengenezwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen, mtu wa Finland aliyekuwa kwenye chuo kikuu cha ufundi cha Helsinki, baada ya mtu kuiba maneno ya siri kwenye mtandao wa chuo hicho. Kabla yake watu walitumia telnet, ambayo inatuma kila kitu wazi, hata neno la siri, kama barua isiyo na bahasha. SSH inafunga barua. (Linux pia ilizaliwa Helsinki, mwaka 1991. Mji ule una baridi, labda watu hawatoki sana nje.)

Upande wa Windows kuna milango miwili. Wa kwanza ni PuTTY, programu ya bure ya Mwingereza Simon Tatham, ambayo iko tangu mwaka 1999. Ndani yake kuna ndugu mdogo anayeitwa plink, na huyo njo wa kazi yetu, kwa sababu yeye hafungui dirisha: anabeba amri, anarudisha jibu, anaondoka. Mlango wa pili ni OpenSSH, ambayo Microsoft yenyewe iliiingiza ndani ya Windows 10 kuanzia mwaka 2018. Ukiwa na Windows 10 ya karibuni ama 11, fungua PowerShell, andika ssh, na mara nyingi utaona iko tayari. Hata laptopu ya zamani haikosi njia, kwani plink ni faili moja ndogo, unaitembeza kwenye flashi.

Kutuma amri moja ni hivi:

ssh fundi@192.168.1.20 "uptime"

Hapo "fundi" ni jina la mtumiaji kule kwenye Linux, namba ni anwani ya mashini, na uptime inauliza: umeamka tangu lini? Mashini itaomba neno la siri, utaandika, itajibu. Vizuri. Lakini tukiomba kazi ifanyike saa nane ya usiku bila mtu, nani ataandika neno la siri? Hapa njo shida yote inaanza. Kazi ya bila mtu haitaki maswali, na kompyuta inapenda kuuliza maswali.

Swali la kwanza linakuja siku ya kwanza kabisa. SSH inakuambia: mashini hii siijui, alama yake ya kidole ni hii, niendelee? Vijana wengi wanajibu ndiyo bila kusoma. Mbaya zaidi, kuna mbinu inayozunguka ya kuandika echo y mbele ya plink, ili ile "ndiyo" ijibiwe yenyewe kila mara. Tunawaomba muiache. Swali lile ni la maana kuliko yote. Linakuuliza kama huyu anayejibu ni mashini yako kweli, ama ni mwizi aliyejiweka katikati ya njia. Ukimjibia "ndiyo" kila atakayekuja, umefunga barua vizuri na kumkabidhi mwizi.

Dawa yake ni safari moja. Siku unapoweka mashini, ukiwa umekaa mbele yake, andika:

ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub

Itakupa mstari wa herufi. Uandike kwenye daftari. Kisha ukiwa kwenye Windows, unapoulizwa mara ya kwanza, linganisha na daftari, ukubali kwa mkono wako. Windows itaukumbuka. Baada ya hapo, alama ikibadilika, SSH itakataa kuingia na kupiga kelele. Mara nyingi ni kwa sababu mtu ameweka Linux upya. Piga simu uulize kwanza.

Swali la pili ni neno la siri. Watu wanapenda kuliandika ndani ya amri ya plink, kwa chaguo la -pw. Inafanya kazi, lakini neno lako sasa liko wazi ndani ya faili, na kila anayeazima laptopu analisoma. Kwetu laptopu ya redio inaazimwa na watu wangapi? Tumia ufunguo. Kwenye PowerShell unaandika:

ssh-keygen -t ed25519

Zinazaliwa faili mbili. Moja ni ya siri, inabaki kwako. Nyingine, yenye mwisho wa .pub, ni kama kufuli: unaweza kumpa mtu yeyote. Mstari wake unaubandika kule Linux, ndani ya faili .ssh/authorized_keys ya yule mtumiaji. Kuanzia hapo mlango unafunguka bila neno. Anayetumia plink atatengeneza ufunguo kwa PuTTYgen, ambayo inahifadhi faili ya .ppk.

Sasa amri ya usiku inakuwa hivi, kwa OpenSSH kwanza, halafu kwa plink:

ssh -o BatchMode=yes -o ConnectTimeout=20 fundi@192.168.1.20 "df -h"

plink -batch -i C:\redio\usiku.ppk fundi@192.168.1.20 "df -h"

BatchMode na -batch zina maana moja: usiniulize kitu. Kama kuna swali, shindwa, na useme umeshindwa. Bila neno hilo, amri inayoulizwa swali usiku inasimama pale inangoja jibu mpaka asubuhi, na wewe unadhani kazi imekwisha. Tunapenda kazi inayoanguka kwa sauti kuliko ile inayonyamaza.

Kwa kuwa hakuna macho, lazima uangalie namba ya mwisho. ssh ikimaliza inarudisha namba ya ile amri ya kule: 0 maana yake imefaulu, nyingine maana yake kuna kosa. Ikirudisha 255, kosa ni la njia yenyewe, mtandao ama ufunguo. Katika faili ya .bat namba hiyo iko ndani ya %ERRORLEVEL%. Mistari miwili ya kuiandika kwenye faili pamoja na saa inakuokoa na mabishano mengi ya asubuhi.

Kupanga saa kwenyewe, Windows nyingi za kwetu ni za Kifaransa, basi tafuta Planificateur de tâches. Hapa kuna mtego uliotushika wiki nzima. Amri ilifanya kazi tukiiandika kwa mkono, usiku ikashindwa kila siku. Kumbe ile kazi ilipangwa kwa jina la mtumiaji mwingine wa Windows, na huyo mwingine hana ufunguo, wala haikumbuki ile alama ya kidole. Kila mtumiaji ana dosie yake. Panga kazi kwa jina la yule mwenye ufunguo.

Swali la tatu linatoka kwa sudo, yaani pale unapotaka mamlaka ya mwenye nyumba ili kuwasha upya huduma. Usiruhusu sudo yote bila neno la siri. Ruhusu amri moja tu, kwa kutumia visudo:

fundi ALL=(root) NOPASSWD: /usr/bin/systemctl restart redio.service

Na unapoiita kutoka mbali, andika sudo -n, ili ikitaka kuuliza ishindwe.

Tufike sasa kwenye kosa ambalo tungependa kila kijana alisome mara mbili. Mtu anataka kufuta faili za zamani kule kwenye studio. Amekaa kwenye PowerShell, anaandika:

ssh fundi@192.168.1.20 "rm -rf $dosie/*"

Anadhani $dosie itasomwa na Linux. Hapana. Ndani ya alama mbili za kunukuu, PowerShell ya Windows inaisoma kwanza yenyewe, kabla haijatumwa. Haijui $dosie ni nini, basi inaweka utupu. Kinachofika Linux ni rm -rf /* na maana yake ni: futa kila kitu unachoweza kugusa. Kama fundi aliingia kama root, mashini imekufa. Kama aliingia kama mtumiaji wa kawaida, mashini inabaki hai, lakini vipindi na sauti zote alizo na haki juu yake zimekwenda. Sauti za wazee waliorekodiwa ambao wengine wamekwisha kufa, hizo hakuna pa kuzipakua tena. Kwenye PowerShell tumia alama moja ya kunukuu, na kwa kufuta, andika njia kamili bila alama ya dola. Afadhali zaidi: weka kiskripti kule kule Linux, ukijaribu ukiwa mbele yake, na kutoka mbali uite jina lake tu. (Ukikiandikia kwenye Windows, kumbuka dos2unix. Notepad inaweka alama ya siri mwisho wa kila mstari, na Linux inakataa kiskripti kwa maneno yasiyoeleweka.)

Kutoka hapo kuna hatua nzuri zaidi. Ukiwa na kiskripti, unaweza kuuambia ufunguo kwamba kazi yake ni hiyo moja. Ndani ya authorized_keys, mbele ya mstari wa ufunguo, unaandika:

restrict,command="/usr/local/bin/usiku.sh"

Basi hata laptopu ikiibiwa njiani, mwizi akitumia ufunguo ule ataweza kuendesha usiku.sh tu. Hapati mlango mwingine. Ufunguo wa kazi ya usiku hauwezi kuwa na neno la siri, kwa kuwa hakuna wa kuliandika. Ni kama ufunguo wa nyumba uliowekwa chini ya mkeka. Basi na ufungue ghala dogo, usifungue nyumba yote. Ufunguo wako wewe mwenyewe, ule wa kuingilia mchana, huo upe neno la siri.

Mpaka hapa tumefanya kama mashini mbili ziko nyumba moja. Kabambare haiko nyumba moja na Kasongo. Modemu ya Airtel, Orange ama Vodacom kwa kawaida haipati anwani yake peke yake kwenye intaneti; wateja wengi wanafichwa nyuma ya anwani moja, na kutoka nje huwezi kubisha kwa mmoja wao. Starlink, ambayo iliruhusiwa rasmi nchini mwetu mwaka 2025, kwa kawaida iko vilevile. Vijana wanapoteza siku nyingi hapa wakidhani wamekosea amri.

Njia ni kugeuza: mashini ya Kabambare njo inapiga simu, haingoji kupigiwa. Inatafutwa seva ndogo ya kukodi yenye anwani ya wazi, popote duniani. Mashini ya Kabambare inaifungulia njia ya SSH kwa chaguo la -R na kuiacha wazi. Programu autossh inaifungua tena kila ikikatika. Wewe wa Kasongo unaingia seva ile, na kupitia njia ile ile unashuka Kabambare. Wengine wanatumia WireGuard, ambayo inazipa mashini zote anwani kama za mtandao wa ndani. Seva inataka pesa kila mwezi, na kwa redio inayoishi kwa matangazo ya vifo na harusi, hilo ni jambo la kukaa chini kwanza. Redio mbili ama tatu zinaweza kuchangia moja, kila moja na mtumiaji wake.

Mtandao utakatika katikati ya kazi, hilo lihesabu kama jua kutua. Ukikatika, ile amri uliyoituma inaweza kufa nayo nusu njia. Kazi ndefu, kama kunakili vipindi vya wiki, uitume na nohup ama ndani ya tmux, ili iendelee hata wewe ukiondoka. Na kama unagusa mipango ya mtandao yenyewe ukiwa mbali, yaani unakata tawi ulilokalia, tanguliza amri hii:

sudo shutdown -r +10

Mashini itajizima na kuwaka upya baada ya dakika 10. Fanya badiliko lako bila kulihifadhi. Kama bado unaingia, futa agizo kwa sudo shutdown -c, kisha hifadhi. Kama umejifungia nje, ngoja tu. Ikiwaka itarudi kwenye mipango ya zamani. Lakini uwe umeshaona kwa macho kwamba mashini ile inawaka yenyewe bila mtu kubonyeza, na kwamba betri za pano za jua ziko na nguvu saa ile. Usiku, betri imechoka, si wakati wa majaribio.

Jambo la sheria tuliseme haraka. Kuingia kwenye mashini ya mtu bila ruhusa yake ni kosa chini ya Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023, hata kama ulipata ufunguo kwa bahati. Fundi akiacha kazi, futa mstari wake kwenye authorized_keys siku ile ile, bila kuona haya. Yeye mwenyewe aombe ufutwe, asije akatajwa siku kitu kikiharibika.

Kuna siku ambazo hakuna ufundi wa mbali utakaosaidia. Wakaaji wanakumbuka: tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima, na ilirudi karibu wiki tatu baadaye, mwezi wa Januari 2019. Redio iliyokuwa inangoja amri kutoka mahali pengine ilingoja kweli. Njo maana ile orodha ya kila siku, kufungua saa kumi na moja, kupiga wimbo, kuzima mtambo, tunaiweka ndani ya Linux yenyewe kwa cron, ambayo haihitaji mtandao wa mtu yeyote. SSH tunaiachia yale ya kurekebisha. Na ufunguo wa kufuli la mlango, ule wa chuma, unabaki kwa jirani wa studio anayejua kubonyeza kitufe kimoja tukimpigia simu.